Farasi wa Bahari wa Bi Nunu

Kila mtoto aliyezaliwa na Bi Nunu alizikwa kabla ya arubaini. Baada ya yule wa mwisho, mwaka wa hamsini na sita, hakutoka tena nyumbani kwake Shangani, hata kwa harusi za ndugu zake.

Mumewe, Masoud, karani wa forodha, alikuwa Matemwe siku mvuvi aitwaye Ame alipowanasa farasi wa bahari wawili kwenye wavu wake: visamaki vya urefu wa kidole, vichwa vya farasi, mikia imejikunja.

"Mpelekee bibi," alisema Ame. "Lakini hawali kilichokufa. Wanataka uduvi walio hai."

Masoud akawaleta nyumbani, akawatia katika sanduku la kioo lenye maji ya bahari. Asubuhi ya pili Bi Nunu alijitanda buibui, akashuka ufukweni mwenyewe kuchota uduvi kwa kitambaa chepesi cha melimeli. Ikawa ndiyo kazi yake. Maji mapya aliyamimina kwa kata kutoka juu, yaingie hewa, kisha akakaa kuwatazama wakinyemelea uduvi na kuwafyonza, tak!

Siku moja alipiga ukelele. "Masoud! Njoo uone! Dume ndiye mwenye mimba!"

Alikuwa akicheka. Masoud alikuja, akachutama kando yake.

Dume akazaa. Vitoto vilitoka mfukoni mwake kama vipande vya uzi, vikatapakaa majini. Lakini uduvi walikuwa wakubwa kuliko midomo yao. Bi Nunu alichuja maji ya bahari mara baada ya mara, hakupata wadogo wa kutosha. Akaponda uduvi kinuni, akawanyunyizia. Hawakugusa.

"Nunu, pumzika kidogo."

"Nipumzike vipi, nao wana njaa?"

Walianza kuelea kwa ubavu. Aliwaokota kwa kijiko, mmoja mmoja. Wale uduvi waliopondwa wakaoza chini, maji yakachafuka. Kabla hajatanabahi, dume na jike nao wakafa.

"Nshazungumza na Ame," alisema Masoud. "Atatutafutia wengine."

"Usilete. Mimi sina mkono wa kulea."

"Si kosa lako, Nunu."

Bi Nunu aliingia chumbani, akatia komeo.

Idi ilipofika, jamaa walikuja kumwangalia. Masoud aliwaambia hajisikii vizuri. Akawaambia hivyo Idi ya pili, na ya tatu, mpaka wakaacha kuuliza.