Mti wa Mpaka Ulioangushwa na Mbuzi

"Wewe balozi, umegawa ardhi kwa mamlaka ya nani?" katibu kata alifoka, nami nimesimama hapo ofisini kwake, mtoto mgongoni, mume kaenda Murongo kutafuta kazi na hajarudi, na kibanja hicho alichonipa balozi, kipande kidogo cha shamba, ndicho kwetu pekee, maana wazazi wangu walitoka Burundi.

Balozi wetu wa nyumba kumi akavua kofia. "Kwani mimi si serikali?"

"Wewe ni serikali ndogo. Wilaya imesema kibanja kirudi."

"Basi nami nimempa ardhi ndogo, katibu."

Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Katibu akaapa kesho yake atakuja mwenyewe kung'oa miramura, ile miti ya mpaka ambayo balozi aliipanda mbele ya majirani. Huku kwetu anayeing'oa, hata ndugu zake hawanywi naye tena rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Alikuja kweli, peke yake, jembe begani. Nikajikunyata mlangoni. Mti mmoja ulikuwa umeangushwa na mbuzi. Akautazama, akatazama njiani, kisha akachimba, akausimamisha, akashindilia udongo kwa kiatu.

"Shikamoo, katibu," nikamwamkia.

"Marahaba. Wilaya nitaiambia mpaka huu ni wa zamani. Nawe mama, hukuniona."

Mnauliza kama mamlaka yanagawanyika? Mimi nimeyaona ya wilaya, ya kata na ya balozi yakiinamia mti mmoja. Nyumbani sina wa kumsimulia, mtoto hajajua kusema, ndiyo maana nimewaambia ninyi wasomaji. Baada yenu, naapa, simwambii mwingine.