Mgeni Rasmi Mwenye Shangingi

Sultani Amri anakaa Unyambwa na duka lake la masufuria na ndoo liko mjini Singida. Kwa baiskeli ni mwendo mfupi tu. Hata hivyo mwaka jana alinunua gari kubwa, shangingi jeupe, refu kiasi kwamba yeye mwenyewe, kwa ufupi wake, hulipanda kama mtu anayepanda darini.

Mke wake, Swaumu, hakulipenda hata siku moja.

"Baba Saada, juzi ulikosa pa kuliegesha, ukaliacha stendi, halafu ukaja dukani kwa bodaboda!"

"Barabara zetu mbovu, Mama Saada."

"Zipi? Kote huko ni lami."

"Siku ya safari ya shamba utanishukuru."

"Nitajie safari moja."

Jumamosi Sultani akamwambia ajiandae, wanakwenda Mkalama kumsalimia shangazi yake Amne, ambaye Sultani hakuwa amekanyaga kwake kwa miaka sita. Swaumu akavaa nguo za sikukuu, Sultani akavaa koti, wakaondoka.

Kabla hawajafika kwa shangazi, walikuta watu wamejaa barabarani kwenye kijiji kimoja. Sultani akapunguza mwendo. Vigelegele vikapasuka, ngoma ikaanza, na mtu mmoja mwenye faili kwapani akakimbilia mlango wa gari.

"Karibu sana, mheshimiwa! Mimi ni Isaka, mtendaji wa kijiji. Tunakusubiri tangu asubuhi."

"Ndugu yangu, mimi ni..."

Akavalishwa skafu shingoni. Swaumu akapewa jogoo. Kufumba na kufumbua wakajikuta meza kuu.

Mama mmoja, Selina, akasimama kusoma risala. Pampu ya kijiji imeharibika mwezi wa pili sasa, akina mama wanatoka alfajiri kufuata maji kijiji cha jirani, na watoto wanachelewa shule. Sultani, aliyekuwa akitafuta upenyo wa kutoroka, akajikuta anasikiliza.

"Waambie ukweli," Swaumu akamnong'oneza.

"Niwaambieje, na wewe umeshapokea jogoo?"

"Mimi nilidhani ni ukarimu tu wa watu wa huku!"

Wakati huo bodaboda ikafika na mwanamume aliyekuwa mwekundu kwa vumbi. Alikuwa Edward, mhandisi wa maji, ambaye gari lake la ofisi lilikuwa gereji. Kabla hajajitambulisha akaambiwa akae nyuma, mheshimiwa anataka kuzungumza. Akakaa bila ubishi, akidhani ametumwa mkubwa kuliko yeye.

Sultani akasimama.

"Shikamooni wazee. Mimi naitwa Sultani. Nauza masufuria."

Watu wakapiga makofi, wakifurahia utani wa kiongozi.

"Jamani, kweli nauza masufuria. Nilikuwa napita kwenda kwa shangazi yangu."

Isaka akalitazama gari, akamtazama Sultani, akalitazama tena gari.

"Sasa lile ni la nani?"

"Langu. La kwendea dukani."

Mzee mmoja wa mbele akauliza kwa upole kabisa, "Huko dukani kwako, mwanangu, kuna mto wa kuvuka?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Swaumu alicheka hadi jogoo akamponyoka. Sultani naye alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka. Huko nyuma mkono ukanyooka. "Samahani," Edward akasema, "nadhani mgeni rasmi ni mimi."

Mhandisi akaikagua pampu, akasema lazima ipelekwe mjini, na kwenye bodaboda haiwezi kukaa. Hakuna aliyemwomba Sultani kitu. Walilitazama gari tu, wote kwa pamoja.

Basi pampu ikalazwa juu ya viti ambavyo bado vilikuwa na nailoni, ikivuja grisi na tope. Edward akabanwa pembeni yake. Shangazi Amne alipigiwa simu kwamba hawafiki tena, akanuna.

Alhamisi Sultani aliirudisha pampu yeye mwenyewe, akafunga duka kwa ajili hiyo, na jioni maji yakatoka. Njiani kurudi alipita kwa shangazi, akala ugali kwa mlenda, akasemwa sana.

Siku hizi anakwenda dukani kwa baiskeli. Shangingi hutoka siku Isaka akipiga simu, na Isaka anapiga kila wiki: leo saruji ya darasa, kesho mjamzito wa kupelekwa hospitali. Kila akipokea, sauti ya kwanza anayoisikia ni, "Habari za masufuria, mheshimiwa?"