Magoti ya Watoto Wetu

Siku Shangazi alipoingia kwa kinyozi, wote waliokuwamo walidhani amekuja kugomba. Walikuwa na haki ya kudhani hivyo. Chumba chake cha kushonea kilitazamana na kile cha kinyozi, njia nyembamba tu katikati, na kila zilipofika mbio za pikipiki za mataifa, zile za kwenye matope na vilima, kelele za mashabiki zilivuka njia, zikaingia dirishani kwake na kumfanya apotoshe mshono. Mara ngapi alisimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni, akawafokea wapunguze sauti! Lakini siku hiyo alikuja amevaa gauni lake la kutokea, nywele kazichana, akauliza kwa upole, "Kuna kiti?"

Kinyozi aliacha kichwa cha mteja kikiwa nusu kimenyolewa, nusu bado. "Kwako kitakosekana? Kaa hiki kinachozunguka, Shangazi."

Shangazi alikaa, akajizungusha kidogo kwa ncha ya kiatu, akajiona mtu.

Kwenye benchi la ukutani alikuwapo mdogo wake wa kiume, baba wa watu mwenye mvi sasa, ambaye mtaa ulimwita Kipaza kwa kuwa hakuna mkutano uliowahi kuhitaji kipaza sauti akiwapo yeye. Alikuwa amevaa koti lake la ushabiki lenye rangi za nchi, kazi ya mikono ya dada yake. Alipomwona, uso ulimbadilika.

"Dada, wewe na pikipiki wapi na wapi?"

"Kwani mimi si mwananchi?" Shangazi alijibu, akamtupia tabasamu ambalo wao wawili tu ndio walipaswa kulielewa. Kipaza akatazama pembeni. Anatunza siri, dada yake akajisemea, na akazidi kumpenda.

Siri yenyewe ilikuwa hivi. Wiki chache kabla, Kipaza alimjia na furushi, akafunga mlango nyuma yake, naye si mtu wa kufunga milango. Ndani ya furushi mlikuwa na suruali nzito nyeusi za mbio, hazina nembo wala rangi ya nchi yoyote, zote zimeungua na kutoboka upande wa ndani wa goti, pale mwendeshaji anapoibana pikipiki kwa miguu.

"Za nani?" Shangazi aliuliza, akipitisha vidole kwenye tundu.

"Za watoto wetu, dada. Suruali mpya zimechelewa njiani. Nimewaambia yupo mtu hapa, goti likipita mikononi mwake halitoboki tena. Ila usimwambie mtu. Mambo ya timu haya, yakivuja watatucheka."

Watoto wetu. Hakuuliza wetu wepi. Angeulizaje? Huyu ndiye mtu ambaye mwaka nenda mwaka rudi alikuwa akipaza sauti ng'ambo ya njia, "Wetu ni wetu, wao ni wao!" mpaka mishipa ya shingo inamsimama.

Na habari ya magoti, kati ya wao wawili, ilikuwa na historia ndefu. Mama yao alipofariki, Kipaza alikuwa bado hajaanza shule, na Shangazi ndiyo kwanza alikuwa amemaliza shule ya msingi, kwa alama ambazo mpaka leo ukimuuliza atakutajia. Hakuendelea. Alijifunza cherehani, akamlea mdogo wake. Mtoto yule alikuwa na ugonjwa mmoja: kutwa alitambaa sakafuni akiendesha pikipiki isiyokuwapo, mdomo unanguruma, mate yanaruka, na kila suruali yake ilikufa kwa magoti. Alimshonea viraka vya mraba, vikabanduka kwenye kona. Akaketi akawaza, kisha akachukua mkoba wa ngozi uliochakaa akaukata umbo la yai lililokatwa kichwa: mviringo chini ili goti likunjike, bapa juu ili kiraka kiingie kwenye mshono. Akakizungushia mistari miwili ya uzi wa manjano, kwa kuwa yeye hakuamini kuficha kiraka. "Kama nimeshona vizuri, kwa nini kisionekane?" husema. Kiraka kile kikashika. Tangu hapo magoti ya mtaa mzima, ya wanafunzi, ya waashi, ya mafundi bomba, yalitembea na yai lake.

Basi suruali zile nyeusi alizishona mlango ukiwa umefungwa, joto likimtoa jasho, kwa ngozi nzuri aliyokuwa ameiweka akiba ili afunike upya kiti chake mwenyewe. Kiti kikasubiri. Watoto wa nchi kwanza. Na hakumwambia mtu, jambo lililomgharimu kuliko ile ngozi.

Sasa alikuwa amekuja kuyaona magoti yake.

Mabishano kwa kinyozi yalikuwa yameshapamba moto. Mkabala na Kipaza alikaa fundi baiskeli waliyemwita Shemeji, kwa sababu mkewe alitoka nchi jirani na yeye aliishangilia timu ya ukweni bila kuficha, hata wakimzomea.

"Leo mtalala na viatu," Kipaza alimwambia, ingawa sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida. "Nyinyi mna pikipiki, sisi tuna roho."

"Roho haina gia."

"Mashindano yaliyopita nani aliwaacha kwenye kona mnatafuta mnyororo?"

"Mliokolewa na mvua. Au mvua nayo ni raia wenu?"

"Raia, tena kitambulisho anacho!"

"Jamani," kinyozi akasema, "nina wembe kichwani mwa mtu hapa."

Shangazi aliomba aelezwe sheria, na kinyozi akamweleza akinyoa: kila nchi inaleta waendeshaji watatu, kila mmoja anakimbia zaidi ya mara moja, nafasi walizomalizia zinajumlishwa, mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. "Na ile nafasi mbaya kuliko zote, kila timu inaitupa."

"Inaitupa wapi?"

"Haihesabiwi, Shangazi."

"Kila timu inaruhusiwa aibu moja," Kipaza akadakia, na watu wakacheka. "Moja tu, dada. Ya pili unabaki nayo."

Mbio zikaanza. Wengine walitazama magurudumu, Shangazi alitazama magoti. Vijana wenye fulana nyekundu walipita wakiruka kilima, na kinyozi akamthibitishia kwamba hao ndio wetu. Shangazi aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha televisheni. Magoti yao yalikuwa na kitu cheusi cha kiwandani, kinang'aa kama mpira uliolowa. Labda matope yameficha uzi, alijiambia. Labda zile suruali zangu wameziweka kwa raundi ya mwisho. Akamgeukia Kipaza amuulize kwa macho. Kipaza alikuwa akizitazama nywele za watu sakafuni. Anajumlisha pointi, dada yake akawaza.

Raundi ya mwisho ilichukuliwa na kijana wa nchi jirani, mwenye fulana ya bluu, na ubingwa ukaenda naye. Shemeji aliruka juu. Wengine walishika vichwa. Kisha televisheni ikarudia ile kona ya mwisho, polepole, kijana amenyoosha mguu kusawazisha pikipiki, na goti lake likajaa kioo chote.

Yai la ngozi ya kahawia, lililokatwa kichwa. Mistari miwili ya manjano. Mstari wa nje ulikuwa umepinda kidogo karibu na mshono, mahali sindano ilipokwama kwenye ngozi na Shangazi akaamua kuuacha hivyo. Aliujua mpindo ule kama anavyoujua mkunjo wa kiganja chake.

Kinyozi aliangalia televisheni, akaangalia goti la mteja aliyekuwa kitini kwake, goti lenye yai lile lile, akaangalia tena televisheni.

"Shangazi," alisema, "huo si mkono wako?"

Chumba kikalipuka.

"Umewashonea wao?"

"Kumbe tunaishi na jasusi!"

"Ndiyo maana leo katinga gauni la sherehe!"

Akili ya Shangazi ilikuwa ikifanya kazi, na ilishafika kwenye furushi na ule mlango uliofungwa. Akamwangalia mdogo wake. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa akisubiri neno. "Ni mimi niliyempelekea": hilo tu. Mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu alipoota meno hawezi kulikosa hilo.

Kipaza alisimama. Watu wote wakamgeukia, na Shangazi akamshukuru moyoni kabla hajafungua kinywa.

Kipaza akapiga makofi, akacheka. "Dada! Kumbe na wewe ni wa kule? Basi hama, mizigo nitakubebea!"

Chumba kizima kilianguka kwa kicheko.

Shemeji peke yake hakucheka. "Acheni hizo," alisema. "Wa kule ni mimi, na niko mbele yenu. Mama wa watu kashona goti tu. Kushona goti ni kosa?"

Shangazi alimsikia, na ikamuuma zaidi. Maneno aliyokuwa akiyangoja yalikuwa yametoka kwenye mdomo usio wa mdogo wake. Akainuka, akalinyoosha gauni, akamshukuru kinyozi kwa kiti, akavuka njia.

Siku zilizofuata watu walimpakaza matope bila hata kushuka uwanjani. Wapita njia walichungulia dirishani, "Majirani hawajambo?" Mwanamke mmoja alikuja kuchukua pazia lake kabla halijakwisha, eti ana haraka nalo. Shangazi angeweza kujisafisha kwa sentensi moja. Hakuisema. Aliona sentensi ile ina mwenyewe, na mwenyewe anajua anakokaa dada yake.

Mwenyewe alikuja, mchana kweupe, koti la ushabiki begani. Bega la koti lilikuwa limefumuka. Alisalimia kwa heshima kama mgeni, akakaa kwenye kile kiti ambacho ngozi yake iliishia magotini mwa watu.

"Dada, umeninunia."

"Niambie ilivyokuwa."

Akamwambia. Timu ya jirani ilikuja kufanya mazoezi kwenye vilima vya nje ya mji. Alikwenda kusimama kwenye kamba kama shabiki yeyote. Fundi wao wa pikipiki akamwita, akamvisha kadi shingoni, akampa kiti ndani ya hema. "Dada, kiti! Nchi hii nimeishangilia maisha yangu yote, hema la timu yetu nafukuzwa kama kuku. Wale walinipa kiti. Wakawa wanalalamikia suruali. Ningefanyaje?"

Shangazi alikumbuka kile kiti kinachozunguka, na jinsi alivyojiona mtu. Hilo alilielewa. Angependa asilielewe.

"Na 'watoto wetu' je?"

"Si wote ni watoto, dada? Sikusema uongo sana." Akatabasamu lile tabasamu lake la utotoni, lililomwokoa na fimbo nyingi. "Halafu kila timu inaruhusiwa aibu moja."

"Nimeitupa," Shangazi alisema.

"Umeona!"

"Ya suruali nimeitupa. Haihesabiwi. Mimi mwenyewe sikuuliza wetu wepi. Ninayobaki nayo ni ile ya kucheka."

"Ah, dada, ule si utani? Watu walikuwa wananitazama wote..."

"Walikuwa wananitazama mimi. Wakakutazama wewe uliposimama, nami nikadhani umesimama kwa ajili yangu."

Kipaza alikuna kidevu. Akalitazama bega la koti lililofumuka. "Sasa hili utanishonea?" aliuliza. "Jumapili tuna mkutano wa mashabiki."

Shangazi alipitisha kidole kwenye bega lile. "Liache. Njoo kesho."

Kipaza akaenda zake mwepesi, akipiga mluzi, amekwisha kujisamehe.

Kesho yake alilikuta tayari, limefungwa vizuri ndani ya kitambaa. Akafungua ili alivae. Halikuvalika. Mgongo ulikuwa peke yake, mikono peke yake, kola peke yake, mifuko, bitana, kila kipande kimepigwa pasi na kupangwa juu ya kingine, zipu imekunjwa juu kabisa. Hapakuwa na mshono hata mmoja uliobaki. Ilimchukua Shangazi mchana wote na wembe mdogo, na hakuchana kitambaa mahali popote, kwa maana kazi ni kazi hata ya kufumua.

"Dada, hili si koti."

"Kitambaa ulikileta wewe. Zipu yako, bitana yako. Vyote vimo. Mimi nimechukua kilicho changu, uzi."

Kipaza alikusanya vipande, akavifunga, akatoka. Shangazi alisogea dirishani. Hakutaka kusogea, lakini alisogea. Ng'ambo ya njia kinyozi alikuwa mlangoni akikung'uta taulo, na Shemeji yuko naye.

"Kipaza!" kinyozi akaita. "Koti la taifa liko wapi leo?"

Shangazi akashika kizingiti cha dirisha. Bado ilikuwapo nafasi. Watu wawili tu, neno moja tu.

"Liko kwa fundi," Kipaza alisema, furushi likiwa kwapani mwake, akapita.

Shangazi akarudi kwenye cherehani. Juu ya meza palikuwa na suruali ya shule, imetoboka goti. Alichukua ngozi, akachukua mkasi, mkono ukaanza wenyewe kuzunguka lile yai ulilolizoea miaka yote. Akausimamisha; yai lile lilikatwa kwanza kwa goti la Kipaza. Akaugeuza mkasi, akakata mraba, ingawa alijua kabisa kwamba mraba utabanduka kwenye kona.