Giaboksi Niliyoiagiza Bado Iko Barabarani

"Spea haina jina la mtu. Ukishailipia, ni yako." Hayo aliyaandika mchangiaji mmoja wa ukurasa huu wiki iliyopita, chini ya kisa cha dada aliyenunua kioo cha gari kilichoibwa, na wengi mkamshangilia. Nimekuja kumwambia amekosea. Najua amekosea kwa sababu hoja hiyo nilikuwa nayo kabla yake, na niliitetea vizuri kuliko yeye.

Admin, nifichie jina. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, Mnubi wa hapa Kampala, nina mke na mabinti wawili, naishi Mengo. Kazi yangu ni kuandika makala za kugombana. Nimegombana na wanasiasa na masheikh, na wachache wamenishinda. Anasa yangu ni moja: pikipiki kubwa ya safari niliyouziwa na mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Si boda. Nikipita nayo soko la Nateete, watu wanaacha kupima nyanya.

Shida ya chombo hiki ni spea. Mawakala wanaoziagiza kutoka nje wanataka bei ya kumtoa mtu machozi, nami niliwaandika mpaka wakaniona adui. Nikajifunza mbadala. Filta ya oili ya gari fulani dogo inaingia bila kulazimishwa. Beringi za magurudumu ni zilezile za mashine za kusaga mahindi. Unasoma namba ubavuni, unakwenda dukani, basi. Hayo ni maarifa halali na siyajutii. Lakini taa ya mbele haina mbadala, wala giaboksi.

Ndipo nikampata dalali mmoja wa Nateete, nimwite Kato. Mtu mcheshi, ananiita Afande kwa sababu ya Kiswahili changu, ambacho hapa kwetu huhesabiwa lugha ya wanajeshi. "Afande, wewe sema tu nini unataka," aliniambia. "Mimi natafuta." Halafu akauliza, kama mtu anayepitisha muda, kama pikipiki za aina hii ziko nyingi mjini. Nikajigamba. Nikamwambia ziko mbili tu Kampala nzima: yangu, na ya rafiki yangu Baraka, Mkongo muuza vitenge anayesali Kabalagala.

Baada ya siku chache taa ikaja, safi, imefungwa kwenye gunia. Juma hilohilo Baraka akanipigia. Alikuwa ameegesha pikipiki nje ya kanisa, akatoka baada ya maombi na kukuta pengo pale taa ilipokuwa. Amefunga ya boda kwa waya. "Yaya, sasa imekuwa kama mgonjwa wa macho," akasema, akacheka; Yaya kwao ni kaka mkubwa. Nami nikacheka. Nikajiambia spea za namna hii hutoka Nairobi, Kigali, popote. Nikamwagiza Kato giaboksi, maana yangu ilikuwa imeanza kusaga meno.

Hapa mjini mtu akinunua taa mpya huipeleka ikachorwe namba ya chombo pembeni, ili wezi waikinai. Nikaenda kwa mchoraji. Akaigeuza juani, akaipitisha kidole. Akasema polepole, "Mzee, hapa pameshaandikwa. Mtu amepiga msasa. Niandike juu yake?"

Nikatazama. Kwenye jua lile herufi za mwisho bado zilionekana, na nilizifahamu. Ni za kibati cha namba cha Baraka; nimezifuata nyuma yake hadi Masaka na kurudi.

"Andika," nikasema.

Neno hilo ndilo lililonileta hapa. Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilielewa jambo ambalo mpumbavu angelielewa mapema. Taa hung'olewa pikipiki ikiwa imeegeshwa. Giaboksi ya chombo hiki haing'olewi nje ya kanisa watu wakiimba. Ni kazi ya fundi ya kutwa nzima. Anayeitaka lazima aondoke na pikipiki yote. Na tangu aibiwe taa, Baraka anaifunga mnyororo kila inaposimama. Haina mnyororo wakati mmoja tu: anapokuwa ameikalia.

Nilikimbilia Nateete kufuta oda. Nikamwambia Kato abaki na nilichompa, sitaki tena. Hakukasirika. Alinimiminia chai. "Afande, mimi sikatai," akasema. "Lakini hiyo kazi imeshatoka kwa mkono yangu. Iko na vijana." Nikamwomba awapigie simu. Akasema hao hawapigiwi, wao ndio hupiga. Kisha akaniuliza mabinti zangu wanaendeleaje, akawataja kwa majina. Sijawahi kumwambia majina yao.

Sasa simu yake haipatikani. Na jana Baraka alinisimulia, kama kichekesho, kwamba kuna boda yenye vijana wawili inayomfuata kila akitoka dukani, wakimwonyesha dole gumba. "Wanapenda pikipiki, Yaya," akasema.

Nikienda polisi, mpokeaji wa mali ya wizi ni mimi, na ushahidi umefungwa mbele ya pikipiki yangu kwa mkono wangu. Nikimwambia Baraka, atauliza nimejuaje. Kato anajua mabinti zangu. Nilipomweleza mke wangu, akasema, "Sasa unasubiri nini? Uiandikie makala?"

Basi nimeiandika. Wewe uliyesema spea haina jina, nijibu hapa mbele ya watu: nimfanyeje mwenye jina? Nanyi mnaotembelea spea za bei ya urafiki, zigeuzeni juani leo, halafu ndipo mnishauri. Sitaki ushauri wa mtu ambaye hajatazama.

Na wewe, rafiki yangu. Baraka si jina lako, lakini ukurasa huu unausoma kila asubuhi, wewe ndiye uliyenionyesha. Leo usiiwashe. Iache na mnyororo wake, panda taksi. Ukitaka kujua nimejuaje, njoo kwangu mchana, uitazame taa yangu juani.