Kijiko Kimoja cha Dawa ya Kikohozi

Wenzake wa nyumbani walimwita Uzi, kwa wembamba wake na kwa kazi yake ya cherehani. Pombe ilikuwa imemlia miaka kumi na mmoja. Sasa alikuwa na siku themanini na saba katika nyumba ya wanawake wanaojifunza kuishi bila kulewa, na ya tisini ingeangukia Jumapili. Siku hiyo dada yake angemleta binti wa Uzi, ambaye mama mtu hakuwa amemtia machoni tangu achukuliwe. Dada alisema wazi: "Tisini kamili. Sitaki themanini na kitu."

Alhamisi, vumbi la vitambaa lilimkaba kifua kazini. Fundi wa meza ya jirani akammiminia kijiko cha dawa, naye akameza bila kusoma. Koo liliposhika moto, alishtuka. Akainyakua chupa. Herufi ndogo kama sisimizi: ina pombe.

Wapo watakaosema kijiko ni kitu gani. Hao hawajawahi kuishi na mlevi.

Nyumba ile ina sheria isiyobembelezwa. Aliyeteleza akisema kabla ya kuulizwa, kitanda chake kinabaki, ila anaanza kuhesabu upya. Akiulizwa kwanza, kipimo kikamuumbua, anafunga mizigo. Na Alhamisi jioni ndiyo siku ya kupimwa.

"Nyamaza, shoga," alinong'ona Redio, mwenzake wa chumba aliyekwisha kusimuliwa yote, walipoketi kwenye benchi la korido. "Kipimo chenyewe hakijui kutofautisha mkojo na chai."

"Na kikijua?"

"Utakuwa umefukuzwa na kikohozi. Wa kwanza duniani!"

Uzi hakucheka.

Mama Funguo, msimamizi wa nyumba, alikuwa ameanzia mwisho wa benchi na vikopo vyake. Kila mmoja alimuuliza lile lile: "Una la kuniambia, mwanangu?" Wakabaki watatu. Wawili. Uzi akinyamaza, huenda Jumapili yake ikafika. Akisema, haifiki.

"Sina, Mama," Redio akajibu, akapokea kikopo. Mama Funguo akageuka, akafungua mdomo.

"Nimekunywa!" Uzi alisimama wima. "Dawa ya kikohozi, kijiko kimoja. Ina pombe. Sikusoma."

Mama Funguo akauendea ubao wa kuhesabia siku, akafuta themanini na saba kwa kiganja, akaandika sifuri.

"Kitanda chako kipo," alisema. "Simu iko ofisini. Mpigie dada yako mwenyewe, mimi sikusemei."

Uzi alikosea namba mara mbili.

"Dada, nimerudi sifuri." Akaeleza yote.

"Mbona unaniambia? Nisingejua."

"Ndiyo maana nakuambia."

Dada akashusha pumzi. "Jumapili simleti. Nilishasema." Kisha, sauti ikiwa chini: "Kesho nipigie saa hizi hizi. Nataka kusikia umefika moja."

Uzi akaitikia kwa kichwa, kana kwamba dada alikuwa anamwona.