Madirisha ya Kiembesamaki

Mtu akikwambia Shabbir Alibhai ni mwepesi wa kubadilika, mcheke. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, katika ofisi ya uwakala wa forodha iliyokuwa kwenye nyumba kongwe ya mtaa wa Kiponda, hakubadilisha hata aina ya kalamu. Nilikuwa nikimtania kwamba siku atakayonunua viatu vipya itabidi tumpeleke kwa daktari. Alicheka kwa pua, kisha akarudi kwenye makontena yake.

Nyumba yenyewe ilikuwa balaa, sifichi. Ilijengwa watu waishi, ikalazimishwa kuwa ofisi. Mhasibu alikaa palipokuwa jiko, mimi nilikaa chumba walicholala wenyewe, na choo kilikuwa juu kabisa, karibu na paa. Chokaa ilitudondokea vichwani, na ikifika jioni tumekuwa kama wasaga unga. Wateja wenye magoti mabovu walisimama chini wakatuita, tukateremka sisi. Faizal, mwenye ofisi, aliyeirithi kazi kwa marehemu baba yake, alitaka kuhama zamani. Aliyemzuia ni Shabbir.

Sababu yake tuliijua sote. Dirisha la meza yake lilitazamana na dirisha la jikoni kwake, ng'ambo ya uchochoro, ghorofa moja juu. Kila asubuhi saa nne mkewe, Tasnim, alifungua dirisha lile, akateremsha kikapu cha ukili kwa kamba, akakibembeza mpaka kikafika upande wetu. Ndani mlikuwa na chupa ya chai ya tangawizi na kachori, au vitumbua vilivyofungwa kwa kitambaa. Kabla ya kuteremsha aliita, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni Darajani: "Shabbir!" Mtaani pale mke hamwiti mumewe kwa jina tupu namna ile, na mawifi walimsema mpaka wakachoka. Yeye akaendelea kuita. Na huyu bwana, hata awe anazungumza na ofisa wa bandari kwenye simu, aliitika "Naam!" akanyanyuka, akageukia kushoto, akavuta komeo na kunyoosha mkono.

Tasnim alifariki mwaka jana, Ramadhani ilikuwa imetoka kwisha. Presha. Alianguka jikoni, na Shabbir aliona kwa macho yake dirisha limefunguliwa na kikapu hakiji.

Baada ya hitima alirudi kazini. Hakulia mbele yetu wala hakukosea chochote, na hilo ndilo lililonitisha. Ukimwambia mzigo umetoka, anasema vizuri. Ukimwambia mzigo umekwama, anasema vizuri. Siku moja nilimkalia kitako nikamhoji.

"Unalala, Bwana Shabbir?"

"Nnalala."

"Na kula?"

"Nshakula."

"Umekula nini?"

"Sijui. Kilikuwepo sahanini, nkakila."

Faizal ana moyo mzuri, ila moyo wake huwa unatangulia mbele ya kichwa. Alikwenda kwa Bi Kidawa, mama aliyekuwa akimsaidia Tasnim kazi za nyumba na ambaye bado alikuja kumpikia Shabbir, akamwomba asikikatishe kikapu. Mzee wa watu asione yote yameondoka, alisema. Bi Kidawa akakubali. Lakini yeye hakuweza kumwita Shabbir kwa jina. Amwite vipi mwajiri wake kwa kelele barabarani? Alikiteremsha kimya kimya.

Siku ya kwanza kikapu kilining'inia nje ya dirisha kikipepesuka, na ofisi nzima tukajifanya tunaandika. Shabbir alikitazama. Halafu akavuta komeo, akakipokea, akamimina chai, akanywa. Tukashusha pumzi. Ikawa hivyo kila siku, na Bi Kidawa akanambia chupa inarudi tupu na kitambaa hakina hata chembe. Mimi nikasema alhamdulillahi, mtu huyu anapona.

Ndipo boriti la ukumbini likapasuka. Fundi akasema ama tuitengeneze nyumba yote, kwa vibali vyake na mawe yake na chokaa yake, ama tutoke. Kiembesamaki, njia ya uwanja wa ndege, kulikuwa na jengo jipya lililojengwa tangu msingi liwe la ofisi. Faizal akatukusanya.

Nami nilikuwa nimeshajipanga. Nilimpitia kila mmoja mapema nikamwambia aseme tubaki, kwa ajili ya Shabbir na dirisha lake. Mimi, niliyeichukia chokaa ile kuliko wote!

"Bwana Shabbir," Faizal alisema, "baba aliniusia nisikate shauri bila yako. Ukisema tubaki, ntatengeneza boriti na paa, tutabaki. Kule kuna lifti, kuna jenereta, wateja wana pa kuweka gari. Kasoro naiona moja tu: madirisha hayafunguki. Vioo vitupu, na kiyoyozi kutwa."

Shabbir alikuwa ameinama muda wote. Akanyanyua uso.

"Hayafunguki kabisa?"

"Kabisa."

"Basi twende huko."

Nilihisi damu imenipanda kichwani. Mkutano ulipokwisha nikamkamata kwenye ngazi.

"Sie tumekubali kufa na chokaa kwa ajili yako, na wewe hata kusita husiti? Dirisha lako je?"

Alinijibu bila kupandisha wala kushusha sauti. "Khairat, kikapu kinakuja kila siku, na hakuna anayeniita. Nnakipokea kwa sababu Bi Kidawa mkono unamuuma akikishikilia. Nshachoka."

Kisha akateremka. Nilibaki nimeshika ukuta, hasira imeniishia.

Tukahama. Kiembesamaki ni safi, kuna baridi, kunanuka rangi na zulia jipya. Hakuna anayepiga kelele chini, na kama yupo hatumsikii. Shabbir alichagua meza ya pembeni, kioo kikiwa kushoto kwake, akafanya kazi bila kosa kama mwanzo. Chai tunachemsha wenyewe katika jiko dogo la nyuma, na zamu yangu ikifika naichemsha kwa tangawizi.

Asubuhi moja nilikwisha kumimina, nikamwita. "Bwana Shabbir, chai." Nikamwita tena, kiyoyozi kinanguruma, yeye kainamia makaratasi. Mara ya tatu uvumilivu ukanishinda, maana mimi si mama wa mtu, na chai ilikuwa inapoa. Nikasimama mlangoni mwa jiko nikapaza sauti.

"Shabbir!"

"Naam!"

Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu msiba. Alikuwa amekwisha kunyanyuka kabla sijafumba mdomo, amegeuka kushoto, mkono umenyooka. Kiganja kikagonga kioo. Akapandisha kiganja ukingoni mwa kioo, akakishusha, akakipandisha tena. Huko chini magari yalipita bila mlio.

"Ni mimi, Bwana Shabbir," nikasema. Machozi yalikuwa yananitoka. "Ni Khairat."

"Najua," alisema, na vidole vyake viliendelea kutafuta komeo.