Taa ya Mashine ya Kumi na Tisa

Wiesława Pietrzak alikuwa fundi wa kufufua taa za viwandani mjini Łódź. Kiwanda kikongwe cha nguo kilipoanza kubomolewa, alizitoa taa sitini darini, akaziosha masizi, akabadilisha nyaya, kisha akawa ananyoosha kwa nyundo kofia za bati za taa hizo zilizobonyea.

Asubuhi moja, akiwa ameinua nyundo juu ya taa mojawapo, bibi mmoja alisimama mlangoni mwa karakana.

"Weka nyundo chini, binti! Hapo palipobonyea ni kazi yangu mimi."

Bibi huyo, Genowefa, alikuwa amefuma nguo kiwandani humo miaka thelathini na moja chini ya taa hiyo, ya mashine namba kumi na tisa. Siku moja, kile kipande cha mti kinachopitisha uzi kilichomoka mashineni, kikampita karibu na sikio na kuigonga taa.

"Msimamizi alinikaripia kwa kuharibu mali ya kiwanda," alisema. "Hakuniuliza hata kama nimeumia."

"Uliumia, bibi?"

"Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nilitetemeka mpaka jioni, lakini mashine sikuizima."

Wiesława aliweka nyundo, akatia balbu na kuiwasha taa.

"Ichukue, bibi."

"Niitundike wapi? Dari yangu iko chini, nitakuwa naigonga kwa kichwa!" Genowefa akacheka mpaka akafuta machozi.

Taa nyingine zilinunuliwa na mikahawa. Ile iliyobonyea, Wiesława aliitundika juu ya meza yake ya kazi, na kila Jumanne Genowefa akawa anakuja na keki, wanakunywa chai chini yake.